Kiyoyozi cha Gari la Mkunga

Jina la Mama Kipupwe hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, kwenye ghala la baridi la kuhifadhia samaki na nyama, alikoingia akiwa na miaka kumi na tisa kama mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kupiga deki korido na kukwangua barafu iliyoganda milangoni. Lakini mikono ikiwa na ufagio, masikio yanabaki huru. Kutwa nzima alizisikiliza kompresa, mashine za kusukuma gesi ya kupoza, zikiunguruma nyuma ya ukuta, na baada ya mwaka mmoja akawa anazijua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe.

Siku moja alimwambia mhandisi, "Ile ya tatu ina kwikwi."

Mhandisi alicheka, akaenda kuangalia ili kumridhisha tu, akarudi hacheki. Kuanzia hapo akawa anamwita aje amshikie spana. Baada ya miezi kadhaa akawa anamwachia spana yenyewe, na anayejua kazi ya mikono anaelewa umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili.

Kuna kisa kimoja cha ghala lile ambacho hakupenda kukisimulia. Mwaka wake wa saba alisikia mlio mwembamba kwenye bomba, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Akamwambia msimamizi. Msimamizi akamjibu kwamba mzigo unaingia kesho, mitambo haizimwi, arudi kazini. Akarudi. Asubuhi iliyofuata bomba lilipasuka, gesi kali ikatapakaa, na mpakiaji mmoja akapoteza jicho. Hakuna aliyemlaumu. Wengi walimsifu kwamba yeye alisema. Lakini moyoni alijua kwamba alisema mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza usiku kucha.

Ghala lilipofungwa, alifungua karakana ya kutengeneza viyoyozi vya magari. Ukuta kwa ukuta na karakana hiyo kulikuwa na chumba cha wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akishona viti na kapeti za magari. Wifi huyo alikuwa na sindano mbili: moja mkononi, nyingine mdomoni. Waliishi hivyo miaka mingi, wakitaniana na kuazimana mikasi, na Mama Kipupwe alikuwa amefikisha miaka hamsini na nane siku lile gari la rangi ya anga lilipoingia uani kwake.

Lilikuwa gari la zamani, la umri unaokaribia wake, lenye taa za duara na dashibodi ya chuma mwanzo mpaka mwisho. Nikeli zake zilimeta kama vijiko vya wageni. Aliyeliendesha alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shati limechomekwa. Alishuka, akafunga mlango kwa viganja viwili, taratibu, kama anayefunga chumba alimolala mtoto mchanga.

"Nataka awekewe kiyoyozi," alisema baada ya salamu. "Lakini asitobolewe."

Mama Kipupwe alisikia vizuri. Mzee hakusema "liwekewe". Alilisema gari kama mtu.

"Mzee wangu, kiyoyozi ni mabomba. Na mabomba hupita kwenye matundu."

"Wote wameniambia hivyo. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kutoka dirisha la pili ikasikika sauti ya wifi, "Huyo anataka kuoga bila kulowa!"

Mzee hakukasirika. Aliomba kiti, akakaa, akaeleza. Alikuwa mpimaji ardhi, sasa amestaafu. Mkewe alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Miaka mitano iliyopita mke alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Dawa zilikuwepo na zilisaidia, lakini joto lilikuwa adui yake. Likipanda, miguu inakufa ganzi na macho yanaona vitu viwili viwili. Alikuwa na dada yake mkubwa anayeishi mwendo wa kutwa nzima, mzee asiyeweza tena kusafiri. Hawajaonana miaka minne.

"Kwa nini usiliuze hili ununue jipya lenye kila kitu?" Mama Kipupwe aliuliza.

"Nilimwambia hivyo. Akanijibu, 'Siku utakayolitangaza gari hili, na mimi niweke kwenye tangazo hilohilo.'"

Wifi alicheka mpaka akakohoa. Mama Kipupwe naye alitabasamu, akainuka, akafungua boneti. Injini ilikuwa safi kuliko jiko lake. Akainama muda mrefu, akapapasa ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha abiria, mpaka kidole chake kikagusa kitu laini. Kilikuwa kizibo cha mpira, kikubwa kama kikombe cha kahawa.

"Mzee, waliolitengeneza gari hili walilitoboa wenyewe. Hili ni tundu la hita, la wateja wa nchi za baridi. Lako halikuwekewa hita, wakaliziba."

Mzee aliinama kando yake, akakitazama kizibo kana kwamba gari limemficha siri miaka yote hiyo. "Kwa hiyo inawezekana?"

"Tutajaribu."

Kazi ilichukua wiki tatu. Mama Kipupwe alitafuta kompresa ndogo iliyotoka kwenye gari dogo, kwa sababu injini ya zamani ukiibebesha kubwa itahema kama mpanda mlima. Akaichongea breketi ya kuishika kwenye bolti zilezile za injini. Koili ya kupoza hewa aliining'iniza chini ya dashibodi kwa skrubu za kabati la mbele, na mabomba yote mawili akayapitisha kwenye lile tundu la hita. Dainamo, ile ya kuzalisha umeme wa gari, ilikuwa shughuli nyingine. Haikuwa na nguvu ya kulisha feni na taa kwa pamoja, ilibidi itolewe iwekwe oltaneta yenye kutoa umeme mwingi zaidi. Mzee aliomba siku mbili za kufikiri. Akarudi amekubali, kwa sharti kwamba dainamo ya zamani ifungwe kwenye kitambaa na ikae kwenye buti la gari.

Kilichobaki ni feni ya mbele. Kiyoyozi kina wavu wake wa kutolea joto, nao hukaa mbele ya rejeta inayopoza injini. Gari likikimbia, upepo unapita kwenye vyote viwili. Likisimama, wavu unainyima rejeta pumzi. Dawa yake ni feni ya umeme, na feni hiyo ilihitaji kufungwa kwa bolti nne kwenye bamba la mbele la gari.

"Matundu manne," alisema Mama Kipupwe. "Madogo. Hapa."

"Usoni?" Mzee alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, mama. Usoni hapana." Kisha, kwa adabu ile iliyomfanya mtu aone aibu kumkatalia, akauliza, "Bila feni haitafanya kazi kabisa?"

"Likiwa linakwenda, itafanya. Likisimama kwenye foleni, sina hakika."

"Basi tujaribu hivyo hivyo."

Mama Kipupwe alifungua mdomo, akaufunga. Kazi ilikuwa imetoka nzuri, na maishani mwake hakuwahi kufunga kiyoyozi kwenye gari la zamani namna ile bila kulijeruhi. Alitaka kuiona ikiisha.

"Haya," alisema.

Asubuhi walilijaribu barabarani. Hewa ikatoka baridi, mzee akainua kiganja mbele ya tundu la hewa, akakiacha hapo mpaka waliporudi. Aliondoka akiwa na furaha ya mtu aliyepata kitu bila kutoa kitu.

Jumamosi iliyofuata, saa saba mchana, simu ikalia. Sauti ya mzee ilikuwa imekauka.

"Mama, limechemka. Tumekwama kwenye matengenezo ya barabara. Mke wangu hawezi kusimama."

Alichukua dumu la maji na mfuko wa barafu, akadandia pikipiki. Aliwakuta nje kidogo ya mji, kwenye foleni ndefu ya magari yanayosubiri kupita upande mmoja. Boneti ya bluu ilikuwa wazi, mvuke ukifuka. Mzee alisimama mbele yake mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Mafundi wa barabara walikuwa wamembeba mkewe wakamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwenye kivuli cha mtambo wa kusawazisha udongo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso wa upole, kitambaa kilicholowa shingoni. Miguu ilikuwa imenyooka mbele yake kama si yake.

Mama Kipupwe alipiga magoti akamwekea barafu viganjani na shingoni.

"Wewe ndiye fundi?" mkunga aliuliza.

"Ni mimi. Mama, nisamehe."

"Kwani umefanya nini?"

"Nilijua litachemka. Nilimwambia mzee mara moja, akakataa, nikanyamaza. Ningekataa kulitoa, usingekuwa hapa."

Mkunga alimtazama, kisha akamtazama mumewe. "Alikataa nini?"

"Feni. Inataka matundu manne pale mbele."

"Usoni," mzee alisema kwa sauti ndogo.

Mkunga alianza kucheka. Kicheko kilimtikisa mpaka ndoo ikayumba na Mama Kipupwe akamshika. "Mzee wangu, mficha uchi hazai. Miaka thelathini na minne nimewaambia wanawake maneno hayo chumbani kwangu. Leo nakwambia wewe na huyo mwali wako."

Wafanyakazi wa barabara nao wakacheka. Mzee hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nilidhani unalipenda lilivyo," alisema. "Ulinikataza nisiliuze."

"Sasa ulidhani napenda vyuma?" Mkunga aliacha kucheka. "Nyumbani ulikuwa na ramani zako, umeziinamia mpaka chakula kinapoa. Kazini mimi nilikuwa na wajawazito wangu. Humo ndani tu ndimo tulimokuwa wawili. Ulikuwa unaongea na mimi humo. Umeshika usukani, huna pa kukimbilia, unaongea. Ukiuza hili ukanunua jipya, nitajuaje kama huko utaongea?" Akafuta shingo kwa kile kitambaa. "Lichane hata paa ukitaka. Mradi mimi nikae pale mbele na miguu yangu iwe na uhai."

Mzee alikuja akachuchumaa mbele ya mkewe, akaishika miguu ile kwa viganja viwili. Mama Kipupwe aliona si mahali pake, akaenda kuongeza maji kwenye rejeta ili warudi nyumbani.

Jumatatu asubuhi, karakana haijafunguliwa vizuri, mzee alikuwa mlangoni. Alikuja na rula ya chuma, penseli iliyochongwa na miwani yake ya kazi. Alipima bamba la mbele kutoka kushoto, akalipima kutoka kulia, akachora misalaba minne myembamba. Kisha akasimama.

"La kwanza niachie mimi," alisema.

Mama Kipupwe alimpa drili bila kumfundisha. Chuma kilipoanza kulia mikono ya mzee ikatulia, kwa sababu mikono iliyozoea kazi hutulia ikiona kazi. Vipande vyembamba vya chuma vya rangi ya anga vilimwangukia viatuni. Tundu lilipopenya alizima, akalipuliza, akalichungulia.

"Basi?" aliuliza.

"Basi."

"Mengine malizia wewe."

Wifi naye alipata sehemu yake. Alisema gari la zamani ni sufuria tu, halina nguo ya ndani, na baridi yote ya wifi yake itatokea paani. Akang'oa kapeti na kitambaa cha dari, akabandika chini yake mkeka mnene wa kuzuia joto, akashona upya kwa uzi wa rangi ileile. Alipotoa kiti cha nyuma aliona doa kubwa lililopauka.

"Mzee, hapa palimwagika nini?"

"Hapo alizaliwa mtoto," mzee alisema. "Siku ya mvua. Mke wangu alikuwa nyuma na mzazi, mimi nilisimama nje na mwavuli, nimeupa mlango mgongo. Sasa ni mwalimu wa hesabu huyo mtoto."

Wifi alikitazama kiti, akakirudisha bila kukibadilisha kitambaa.

Kazi ilipokwisha, mzee alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Mama Kipupwe aliurudisha mfukoni.

"Sikupi. Mpaka likae juani saa nzima, injini inawaka, kiyoyozi kimefunguliwa, halisogei. Likichemka, tunaanza upya. Ukikataa, tafuta fundi mwingine."

Mzee aliinua nyusi, kisha akaenda kuvuta benchi kivulini. Wakakaa wawili, gari linaunguruma katikati ya ua saa saba ya mchana, mshale wa geji ya joto wakiutazama kupitia dirishani. Feni iliwaka, ikazima, ikawaka. Katikati ya saa ile, bila kuulizwa, Mama Kipupwe alijikuta akisimulia habari za bomba, msimamizi na jicho la mpakiaji. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine sehemu ya kunyamaza usiku kucha. Hata marehemu mumewe hakuwahi kumwambia.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi wapimaji," alisema baadaye, "tulifundishwa kusoma kila pembe mara mbili. Mara ya kwanza unajisomea. Ya pili unamgeukia mwenzako unamsomea kwa sauti, naye anairudia kwa sauti. Asipoirudia, hujapima. Na mimi siku ile ulinisomea, sikuirudia. Hilo la feni usilibebe peke yako."

"Na lile la bomba?"

Mzee alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Lile sijui, mama. Lile labda utalibeba. Lakini ulikuwa binti, na yule alikuwa mkubwa wako."

Haikuwa faraja kubwa, ila ilikuwa ya kweli, na Mama Kipupwe aliipokea kama ilivyo. Mshale ulibaki katikati. Saa ilipotimia alimpa ufunguo.

Walisafiri Jumamosi iliyofuata. Jioni mkunga mwenyewe alipiga simu. Alisema foleni ileile iliwashika dakika arobaini, akavaa sweta. Alisema mumewe aliongea njia nzima, mpaka akamwomba apumzike kidogo. Na alipofika kwa dada yake, alishuka akatembea na fimbo kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, hatua ishirini na mbili, na dada yake akamkemea kwa kuchelewa miaka minne. Walikaa huko wiki tatu.

Ugonjwa haukurudi nyuma. Si ugonjwa wa kurudi nyuma. Mwaka uliofuata fimbo ikawa mbili, na mwaka wa pili mzee akawa anambeba mkewe kutoka barazani mpaka kiti cha mbele, akihesabu hatua kwa sauti naye mkewe akizirudia. Lakini walitoka karibu kila siku. Wakienda sokoni, yeye alibaki ndani na baridi yake, wauzaji wakamletea nyanya dirishani azichague. Wanawake waliowahi kujifungulia mikononi mwake walisimama hapo kumsalimia, wengine na watoto warefu kuwapita.

Mama Kipupwe aliwaangalizia kiyoyozi kila mwaka. Pia alianza kuwarudisha wateja waliotaka kazi nusu nusu. Wifi alilalamika kwamba sasa ni mkali kama pilipili na watakosa kazi. Hawakukosa.

Mwaka huo wa pili, gari lilipoletwa kuongezwa gesi, mzee aliingia kwa wifi kuchagua kitambaa cha mto wa kuegemea. Mkunga alibaki kitini. Mama Kipupwe alikaa kwenye usukani kusikiliza mashine.

"Inasemaje?" mkunga aliuliza.

"Inasema haina shida."

"Na wewe? Huyo marehemu mume wako alikuwa mtu wa namna gani? Wifi yako anasema hujawahi kumtaja."

Mama Kipupwe aliangalia mikono yake kwenye usukani. Alikuwa na jibu fupi analowapa watu. Hakulitoa. Akaingiza gia, akalitoa gari uani polepole.

"Alikuwa mwimbaji mbaya sana," alisema walipofika barabarani. "Na hakuna aliyeweza kumnyamazisha."

Mkunga alicheka, akajiweka vizuri kitini. Walizunguka mtaa, wakaingia barabara kubwa, wakaendelea. Mzee na wifi walisimama mlangoni wakisubiri, mto wa kuegemea umekwisha kushonwa, mpaka wakachoka wakakaa.